Kibao Chenye Mhusika Mmoja

Siku ya mwisho ya likizo Nanyamba huwa ya kufungasha korosho na kuaga majirani. Mwaka huu nilimwomba bibi ruhusa ya mchana mmoja. Nikapanda basi hadi Mtwara mjini, kisha daladala ya Mikindani, niuone mji ambao nilikuwa nikiupita tu kwenye barabara ya Lindi.

Mikindani unasomeka kwa miguu. Boma la Wajerumani, lililojengwa mwaka 1895, limekarabatiwa na sasa ni hoteli. Kutoka juu unaiona ghuba. Chini yake kuna nyumba za mawe zenye milango ya nakshi, nyingine zimebaki kuta tu. Na ipo nyumba yenye kibao: David Livingstone anasemekana alikaa hapa mwaka 1866.

Nilikisoma kile kibao kama ninavyosoma hadithi fupi. Sifa yake ni neno moja, "anasemekana". Aliyekiandika hakuficha shaka yake. Kasoro yake ni kwamba kina mhusika mmoja.

Livingstone hakufika peke yake. Alijaribu kwanza mlango wa Ruvuma, akakuta ngamia na wanyama wake wengine hawawezi kushushwa pale, ndipo akaja Mikindani. Kwenye msafara walikuwemo Chuma, Myao, na Susi, mtu wa Shupanga kando ya Zambezi. Livingstone alipofariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, wao na wenzao waliukausha mwili wake, wakaubeba kwa miezi hadi pwani ya Bagamoyo, pamoja na maandishi yake. Mwaka 1874 walikwenda Uingereza wakamsaidia Horace Waller kuandaa shajara zake za mwisho. Basi hawakuwa wabebaji tu. Sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu safari ile imepita mikononi mwao.

Utasema kibao ni kidogo, hakiwezi kubeba majina ya msafara mzima. Kweli. Lakini majina mawili mafupi yangeenea. Wala sitaki king'olewe. Nataka kiongezewe cha pili pembeni, ili mtoto wa shule anayepita ajue kwamba historia ya mji huu haikushuka melini na mtu mmoja.

Nilirudi jioni nikiwa na hoja zangu zote tayari. Nikampa bibi shikamoo, nikamsimulia. Alisikiliza huku akipeta mchele, kisha akasema babu yake naye alikuwa akishuka Mikindani na mzigo kichwani, njiani wakilala.

"Mzigo wa nani, bibi?"

"Hakusema. Na nani alimuuliza?"

Nikanyamaza. Likizo ngapi nimekaa katika ua ule, nami sikuwahi kuuliza. Ningepewa kibao cha familia yetu nikiandike, ningeanza na mjomba aliyesoma na kupata kazi mjini. Yule wa mzigo nisingemweka, maana sikujua hata kama alikuwepo.

Nilimuuliza jina lake. Bibi alinitajia, nikaliandika nyuma ya tiketi ya basi la Dar es Salaam. Safari ilikuwa alfajiri. Ningeuliza siku ya kwanza, ningeondoka na zaidi ya jina.