Pongezi kwa Maktaba Kuu

Wako waionao Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, kuwa ni ghala la vitabu tu. Nami, kwa insafu, siafikiani nao. Nyumba hiyo, iliyo Barabara ya Bibi Titi Mohamed, masafa mafupi kutoka Kariakoo, huwalea watoto katika kusoma ndani ya sehemu yao mahususi, na zaidi ya hayo huhifadhi tarehe ya nchi, kwa kuwa sheria humlazimu mchapishaji apeleke huko nakala za alichokichapa, hata kile kijitabu chembamba ambacho, tuseme kweli, jamaa zake mwandishi wenyewe hawakukinunua. Basi mwana wa muuza nguo wa Kariakoo, mahali walipopiga kambi wapagazi wa jeshi la Waingereza zama za Vita Kuu ya Kwanza, na ilipoasisiwa TANU tarehe 7 Julai 1954, aweza kwenda kwa miguu akasome habari za mtaa wake. Pongezi hizi wanazistahiki hasa wakutubi, ambao ni nadra kutajwa hadharani: ndio wanaokiorodhesha kila kitabu, wakakipa nambari na mahali pake, kisha wakakirudisha rafuni pale msomaji alipokiweka ovyo.