Maneno ya Mwalimu Sikujua

Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yametufikia kwa sehemu kubwa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi. Ndiye aliyeyakusanya kwa waliokuwa wameyahifadhi, akamfafanulia mmishonari W. E. Taylor maneno ambayo yalikwishaanza kupotea. Mwaka 1940 William Hichens akayachapisha katika Diwani ya Muyaka. Si mara moja nimekuta katika tasnifu: "Mshairi hapa anakusudia hivi." Nani kasema? Sharhi imepita mikono mitatu, na aliyevuliwa jina ni yule wa kwanza.

Wafanyao hivyo si wezi wote. Binti mmoja aliniletea tasnifu yake ya uzamili nimpitie Kiswahili. Nikakuta humo sentensi niliyoitambua. Mimi niliwahi kuandika juu ya shairi moja la mabaharia: "Bahari katika ubeti huu si maji, ni mkopo usiolipika." Yeye ameandika: "Bahari kwenye ubeti huu siyo maji bali ni deni lisiloweza kulipwa." Nilipomuuliza, akastaajabu kwa dhati: "Maalim, mbona maneno nimeyabadilisha?"

Na kweli ameyabadilisha. Alichokiacha vilevile ni fikra, mpangilio wake, hata pumzi ya sentensi. Huko ni kubadili kanzu, mvaaji ni yuleyule. Vyuo vimewafundisha vijana kuhesabu maneno yanayofanana. Havikuwafundisha kuuliza wazo limezaliwa wapi. Lau angeninukuu neno kwa neno, akaweka alama za mtajo, jina na ukurasa, asingekuwa na kosa. Lau angelifunga kitabu, akaeleza kwa ufahamu wake alichokielewa, kisha akanitaja, asingekuwa na kosa pia. Kumtaja hakuondoki kwa sababu maneno ni yako.

Lini kunukuu, lini kueleza upya? Mimi hunukuu pale maneno yenyewe yanapokuwa ushahidi, na katika ushairi huwa hivyo karibu kila mara, kwani ukiubadilisha mshororo umeshaupoteza. Sharhi ya mhakiki, aghalabu, yatosha kuelezwa upya.

Washairi wetu wa zamani walilijua jambo hili bila ya mwongozo wa chuo. Katika takhmisi, mtunzi huchukua mishororo miwili ya mwenziwe, akaitangulizia mitatu yake. Miwili ile haiguswi, na msikilizaji anajua mpaka uko wapi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliifanyia hivyo kazi inayonasibishwa na Liyongo, na jina la Liyongo halikumezwa.

Binti alirudi baada ya wiki mbili. Sentensi yangu sasa imo ndani ya alama za mtajo, na chini yake ameandika kwamba nimekosea: deni, kwake yeye, ni la waliobaki pwani, si la bahari. Sikubaliani naye, na nimemwandikia hivyo pembeni.