Deraya Nne za Bubblegum Crisis

Tulikuwa tukitazama kwenye simu, hapa Igurwa, Karagwe, sehemu ya kwanza ya katuni ya Kijapani iitwayo Bubblegum Crisis, nami nimezama katika mng'aro wa vyuma, mjukuu wangu aliponikatiza kwa kuuliza, "Babu, huyu wa nne mbona hapigi?" Sikumjibu papo hapo, kwa kuwa swali lake liligusa ufundi wa kazi ile kuliko yote niliyokuwa nimekusudia kumweleza.

Kisa chenyewe ni chepesi. Mwaka ni 2032, mji ni Tokyo uliojengwa upya baada ya tetemeko kubwa. Kampuni ya Genom hutengeneza roboti wa kazi waitwao Boomer, ambao aghalabu huasi na kuvuruga mitaa, na askari wa AD Police wanapolemewa, hutokea wanawake wanne waliovaa deraya na chapeo, Knight Sabers. Waandaaji hawakuficha deni lao kwa filamu ya Kimarekani ya Blade Runner ya mwaka 1982, maana hata bendi ya Priss, mmoja wa mashujaa hao, huitwa Replicants, jina la watu-bandia wa filamu hiyo.

Mushkili wa mchoraji ulikuwa huu: mtu akishafunikwa chuma tangu utosini hadi nyayoni, hadhira itamjuaje, na itamhurumiaje? Rangi husaidia, nayo ilitumika, Sylia akapewa fedha, Priss buluu, Linna kijani na Nene wekundu wa waridi. Lakini rangi ni alama tu, kama jezi ya mchezaji, haisemi tabia. Hapo ndipo ustadi ulipojidhihirisha, kwani kila deraya ilibuniwa kutokana na shughuli ya mvaaji wake. Linna, aliyekuwa akifundisha mazoezi ya viungo, ana tepe ndefu zinazoning'inia kwenye chapeo kama nywele, nazo hukata chuma anapozunguka kwa mwendo wa mcheza ngoma. Priss, mwimbaji na mpanda pikipiki, hutegemea ngumi. Sylia, kiongozi wao, ambaye mchana huuza nguo za ndani za wanawake dukani mwake (nadhani waandishi walicheka kichinichini walipolibuni hilo), hupigana kwa upanga unaotoka mkononi. Nene ni mtumishi wa AD Police, hodari wa kompyuta, na deraya yake imeundwa kunusa hatari, kusikiliza, na kuvuruga mawasiliano ya adui. "Huyo ni masikio yao," ndivyo nilivyomjibu mjukuu hatimaye.

Sasa tuutazame mkono wa mchoraji kwa karibu. Zama zile picha zilichorwa juu ya karatasi ya plastiki inayoonyesha, mistari upande wa mbele na rangi upande wa nyuma, na rangi hizo zilikaa kila moja mahali pake bila kuyeyukiana. Hivyo chuma kilionyeshwa kwa vitu vitatu tu, rangi ya deraya yenyewe, kivuli chenye ukingo mkali, na ufito mweupe wa nuru. Mwangalie Priss anapogeuka, uufuate ufito huo begani pake: huteleza, hukatika kwenye kiungo, huibuka tena mkononi, na jicho lako husadiki uzito wa chuma ambacho hakipo. Fauka ya hayo, sekunde moja ya filamu ina picha 24, lakini mchoro mmoja hurudiwa kwa picha mbili au tatu ili kupunguza gharama, jambo linaloufanya mwendo uwe wa kugutuka-gutuka. Kasoro hiyo, ambayo katika kanga inayopeperuka ingechusha macho, katika mtu aliyevaa mtambo imegeuka kuwa fadhila.

Mwanzo wa sehemu hiyo ya kwanza, iliyotoka kwenye kanda ya video tarehe 25 Februari 1987, Priss yuko jukwaani, kwa sauti ya Kinuko Ohmori aliyekuwa mwimbaji kweli, na wimbo wake unaendelea bila kukatika huku picha zikiruka kutoka jukwaani hadi mtaani ambako roboti anabomoa. Ukizima sauti, vurugu ile hupoteza nusu ya nguvu zake. Zilikusudiwa sehemu 13. Kampuni zilizoshirikiana zikagombana, na kazi ikaishia sehemu ya 8, Januari 1991.

Kwetu Maziwa Makuu nako katuni ya watu na mitambo imetengenezwa: Raymond Malinga wa Kampala alitoa Herderboy, moja ya filamu fupi 10 za mkusanyiko wa Kizazi Moto wa tarehe 5 Julai 2023: kisa cha kijana Ndahura katika ufalme wa Wachwezi, watawala wa masimulizi ya kale, ambako wachungaji wenye viungo vya mitambo hulinda ng'ombe dhidi ya pepo. Sisi wa Karagwe, ambao masimulizi yetu humnasibisha Ruhinda, mwasisi wa ufalme wetu, na Wamara, mfalme wa Wachwezi, hatuhitaji kuelezwa jina la Ndahura lilikotoka. Kwa ufundi wa mapambano, nawapa Wajapani ushindi. Walakini Malinga amefuata kanuni ileile ya chuma kuitii kazi ya mwenyewe, kanuni ambayo wahunzi wetu waliijua kabla ya katuni. Katika vyuma vya enzi vya wafalme wa Karagwe, ukoo uliompokea mpelelezi Mwingereza Speke huko Bweranyange mwaka 1861, pamoja na nyundo na mikuki walifua ng'ombe, wakawapa pembe ndefu.