Kiputo au upepo?

Nje ya angahewa, chombo cha kunasa eksirei laini huona mng'ao hafifu kila upande, hata pasipo na nyota yoyote. Eksirei hizo humezwa upesi na gesi baridi, kwa hiyo chanzo chake hakiwezi kuwa mbali sana. Wataalamu wakakubaliana kwamba Jua letu limo ndani ya kiputo cha gesi yenye joto la digrii kama milioni moja. Ramani zikafuata: mojawapo ilitokana na satelaiti SAS-3, iliyorushwa mwaka 1975 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ile ya satelaiti ROSAT, iliyorushwa 1990, ikazipita zote.

Mwaka 1996 ROSAT hiyo hiyo ikanasa eksirei kutoka kometi Hyakutake, donge la barafu na vumbi! Ikabainika kwamba ioni za upepo wa jua hupora elektroni kutoka kwa atomu zisizo na chaji, kisha hutoa eksirei zinapotulia. Nazo atomu za heliamu kutoka baina ya nyota hupita humu humu katika mfumo wetu wa jua. Huenda basi mng'ao wote ulitoka humu, na kiputo hakikuwapo kabisa.

Timu ya Massimiliano Galeazzi wa Chuo Kikuu cha Miami ilipata njia ya kuamua. Mvutano wa Jua huikusanya heliamu hiyo nyuma yake kama faneli, na Dunia huikatiza kila Desemba. Mng'ao wa Galaksi yetu haubadiliki kwa miaka ishirini na ushei. Kwa hiyo ukitazama kupitia msongamano huo, kisha ukalinganisha na ROSAT iliyotazama sehemu ile ile ya anga kutoka pembe nyingine, tofauti itakuwa ya upepo wa jua.

Roketi yao, DXL, iliruka kutoka White Sands, New Mexico, tarehe 12 Desemba 2012, ikapima kwa dakika tano hivi. Ilibeba vipima-eksirei vya Chuo Kikuu cha Wisconsin vya miaka ya 1970, vilivyokarabatiwa. Havina vioo wala havipigi picha, lakini ni vipana, na kwa mng'ao uliotapakaa upana ndio mali. Uamuzi wa kuvitumia naona ndio uliokuwa wa busara kuliko yote.

Matokeo yalitoka 2014: kwenye bapa la Galaksi, upepo wa jua huchangia takriban asilimia 40 ya mng'ao huo. Kiputo kipo. Tena, sehemu ya upepo ilipoondolewa, shinikizo la gesi yake lilishuka hadi likalingana na la mawingu yenye joto la chini zaidi yaliyomo ndani yake, ambayo kwa hesabu za zamani yangepaswa kubanwa.