Mawe Katika Ungo

Mwezi wa saba baridi ya Mbalizi, mkoani Mbeya, haiachii mpaka jua lipande vizuri. Malori ya Tunduma yanapita barabara kuu mfululizo, na moshi wa mkaa unatambaa juu ya mabati. Asubuhi moja ya namna hiyo niliongozana na afisa ustawi wa jamii, mwanamke wa makamo ambaye mtaani wanamwita Mama Ustawi, hadi kwa bibi anayelea wajukuu watatu.

Nilitarajia maswali. Yeye alipiga hodi, akaamkia shikamoo, akauliza habari za mahindi ya shambani, kisha akavuta kigoda na kuanza kumsaidia bibi kuchambua maharage. Nusu saa ikapita, fomu ingali mkobani. Nikaona tunapoteza muda.

Fomu ile ilikwisha kujazwa mara moja, na mtu mwingine aliyekuwa na haraka. Mahitaji: sare, madaftari, godoro. Hali ya mlezi: nzuri. Bibi hakuwa mwongo, alikuwa na hofu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamruhusu afisa ustawi kwenda mahakamani kuomba mtoto aondolewe nyumbani. Imewekwa kwa ajili ya kumkinga mtoto, lakini habari yake humtangulia afisa kila mlango anaobisha. Ni mlezi gani atakayemwambia mgeni wa namna hiyo, siku ya kwanza, kwamba nguvu zimemwishia?

Felix Biestek, padri Mjesuti wa Marekani, aliandika mwaka 1957 kuhusu kanuni saba za uhusiano wa mhudumu na mteja wake. Miongoni mwazo ni kumpokea mtu jinsi alivyo, kutomhukumu na kumtunzia siri. Nilikuwa nimezisoma. Pale uani ndipo nilipoziona zikifanya kazi, katika vidole vya mwanamke aliyekuwa akichambua maharage bila kuharakisha neno.

Maana vidole vyake vilikuwa vinasikiliza pia. Kila bibi aliposukuma fungu lake upande wa yaliyo safi, Mama Ustawi alikuta humo mawe na maharage yaliyobunguliwa. Aliyatoa kimya kimya. Alipoyatoa mara ya nne au ya tano, akauliza kwa sauti ya chini, "Bibi, na dawa za mtoto huwa unazipimaje?"

Mjukuu wa mwisho anameza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Katika mkoa huu, ambao utafiti wa 2016/17 ulikuta asilimia 9.3 ya watu wazima wakiishi na VVU, nyumba ya namna hiyo si ngeni. Bibi alinyamaza. Kisha akasema, "Nazipapasa, mwanangu. Macho yamefunga tangu mwaka jana." Akalia kidogo, akajifuta kwa khanga. Hakuna aliyemkatiza.

Waliongea mpaka jua likapanda: nani asimamie dawa za jioni, lini waende kwa daktari wa macho, jirani yupi anaaminika. Bibi ndiye aliyemtaja jirani. Lile godoro halikutajwa tena.

Maharage yalipokwisha tukaaga. Mama Ustawi aliitoa fomu tulipofika kituo cha daladala, akaiweka juu ya goti. Haikuwa na nafasi ya kuandika habari za mawe. Akayaandika pembezoni.