Vinundu, Mizani na Tembe la Mgogo

Katika mabaraza ya Unguja na Pemba hakuna amshangaaye mzee aliyeketi mbele ya bao tangu alasiri hadi adhana ya magharibi. Mashimo 32, kete 64, na watu wawili walionyamaza. Akishinda huitwa fundi, na jina lake huvuka mtaa. Mzee huyo huyo akionekana usiku mezani pake akipanga vitofali vya plastiki, kimoja juu ya chenzake, watu hucheka na kuuliza kama amerudi utotoni. Kicheko hicho hakina hoja. Mchezo hupimwa kwa ugumu wa kanuni zake na kwa kile kinachobaki mkononi baada ya kwisha, wala umri wa auchezaye hauongezi wala haupunguzi kitu. Kwa vipimo hivyo viwili ujenzi wa vitofali wastahili kuhukumiwa kama sanaa nyingine yoyote: usifiwe panapostahili na ulaumiwe unapopotoka.

Asili yake ni karakana ya seremala. Ole Kirk Christiansen wa Billund, nchini Denmark, alianza kutengeneza vichezeo vya mbao mwaka 1932, na miaka miwili baadaye akaipa kampuni yake jina la LEGO, kutokana na maneno mawili ya Kidenishi yenye maana ya "cheza vyema". Kitofali cha plastiki kilitokea mwaka 1949, nacho hakikuzaliwa Billund: kilifuata mfano wa Mwingereza Hilary Fisher Page, aliyekwisha kuuza vitofali vya kushikana kwa jina la Kiddicraft. Jambo hili lafaa kuwekwa akilini. Tarehe 28 Januari 1958, Godtfred, mwana wa Ole Kirk, aliombea hataza umbo lijulikanalo leo, lenye vinundu juu na mirija ndani kwa chini, kinundu kikabanwa baina ya mrija na ukuta. Kitofali cha mwaka huo bado chaingia sawasawa katika kitofali kilichotoka kiwandani juzi.

Kutoka kinundu hadi kinundu ni milimita 8. Kimo cha kitofali ni milimita 9.6, na vipande bapa vitatu vikipandana hutimiza kimo hicho bila kuzidi. Hapa msomaji wa mashairi huinua kichwa, kwa kuwa sheria ya namna hii anaijua tangu utotoni: mizani minane ukwapi, minane utao, na neno lisiloingia halina budi kufupishwa, kugeuzwa au kuachwa. Kitofali mashuhuri kuliko vyote kina vinundu vinane. Viwili vya rangi moja vyaweza kuunganishwa kwa namna 24. Sita, kwa hesabu ya Mdenishi Søren Eilers, kwa namna 915,103,765. Wale waliodai kwa miaka mingi kwamba mizani ni pingu ya mawazo wangefanya vyema kuitazama tarakimu hiyo kabla ya kusema tena. Na mafundi wa nyumba za mawe za Unguja, Lamu na Mombasa nao walijenga chini ya sheria kama hiyo: upana wa chumba haukuweza kuuzidi urefu wa boriti ya mkoko, na ndiyo sababu vyumba vile ni virefu na vyembamba. Hakuna aliyewahi kusema kwamba boriti iliwanyima ustadi.

Lakini si kila apangaye vitofali ni mtunzi. Mwaka 2008 kampuni ya LEGO, kwa ushirikiano na Adam Reed Tucker, msanifu majengo wa Chicago, ilianza mfululizo wa majengo mashuhuri ya dunia, ikitangulia na maghorofa mawili ya mji huo huo. Na mwaka 2020 ikaanza kupiga alama ya 18+ juu ya masanduku ya watu wazima. Ndani ya kila sanduku mna vipande vilivyohesabiwa na kijitabu cha maelekezo. Mnunuzi hufuata ukurasa baada ya ukurasa, na mwishowe anapata jengo lile lile walilopata maelfu ya wenzake. Hiyo ni kazi ya mghani. Mghani mwema ana heshima yake, na mkono unaokariri hujifunza mengi ambayo jicho halikuyaona. Ila asitake kuitwa malenga. Tena kuna swali la uteuzi. Mwaka 2022 mfululizo huo ulitoa piramidi kuu ya Giza, kazi nzuri kwa hakika, yenye upande mmoja uliokatwa ili njia za ndani zionekane. Hata hivyo lipo jambo la kuchosha katika kuiona Afrika ikiletwa mezani kila mara kwa kaburi la Farao.

Aliyelijibu swali hilo kwa kazi badala ya malalamiko ni Ekow Nimako, msanii wa Kanada mwenye asili ya Ghana. Mwaka 2019, katika Jumba la Makumbusho la Aga Khan mjini Toronto, alionyesha mji alioupa jina la Kumbi Saleh 3020 CE, uliojengwa kwa vipande vipatavyo 100,000. Kumbi Saleh ulikuwa mji mkuu wa dola ya kale ya Ghana, na magofu yake yamo katika Mauritania ya leo. Nimako hakuyapima magofu. Aliuwaza mji kama utakavyokuwa miaka elfu moja kutoka sasa, na akaujenga wote kwa rangi nyeusi peke yake. Katika uamuzi huo mmoja umo ustadi wake wote. Kwa kujinyima rangi, kama mtunzi anayejifunga kina kimoja toka beti ya kwanza hadi ya mwisho, amelilazimisha jicho lifuate umbo na kivuli, na kitofali kikaacha kuwa kichezeo. Likitafutwa la kumkosoa, ni kwamba mji wa ndoto hauwezi kumsuta aliyeuota. Hakuna mzee atakayesimama mbele yake na kusema: mlango huu haukuwa hapa.

Mji mkuu wenye wazee wa kusema hivyo uko Tanzania. Na kwa sadfa, huko huko Toronto ndiko ilikotoka kampuni iliyouchorea ramani ya kwanza: chama cha TANU kiliamua mwaka 1973 makao makuu yahamie Dodoma, na mpango mkuu wa Project Planning Associates ukakamilika mwaka 1976. Mpango ule, kwa haki yake, ulikuwa na unyenyekevu: ulitaka mji wa majengo ya chini, wa watembeao kwa miguu na wapandao mabasi. Mengi yalibaki karatasini hadi serikali ilipohamia kwa kishindo kuanzia mwaka 2016, na mwaka 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Leo zipo barabara pana, mji wa serikali wa Mtumba, na Ikulu ya Chamwino iliyozinduliwa mwaka 2023. Kilichopungua mwaka hadi mwaka ni tembe.

Kwa msomaji wa pwani asiyewahi kuliona, tembe ni nyumba ndefu ya chini, yenye kuta za miti iliyosimikwa na kukandikwa udongo, na paa bapa la magogo, fito na udongo juu yake. Paa la namna hiyo pwani lingeanguka kwa masika ya kwanza. Ugogo, ambako mvua ya mwaka haifiki milimita 600, lastahimili. Ubawa hupinda na kuzunguka ua wa ng'ombe, na kaya ikikua huongezwa ubawa mwingine. Vijiji vya Operesheni Dodoma ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 viliwapanga watu kwa mistari. Baadaye bati na tofali la kuchoma vikawa ndiyo alama ya maendeleo, na tembe likawa jina la umaskini. Makosa yake yapo: ni giza, moshi hukaa ndani, na mchwa haishi kulila. Lakini nyumba iliyojua kukua pamoja na wenyewe haikustahili kuondoka bila kupimwa.

Basi na lipimwe kwa vinundu. Mtu wa kichezeo cha LEGO ana kimo cha sentimita 4 hivi. Akihesabiwa kuwa ni mtu wa kawaida, kila mita ya kweli huwa sentimita mbili na ushei, na ubawa wa mita 20 huchukua vinundu 60. Ukuta haupandi zaidi ya vitofali vitano. Mpaka hapo hakuna tabu. Hata ile tabia ya kuongeza ubawa kitofali chaipokea kwa hiari, pengine kuliko mnara wowote wa Chicago. Tabu huanza penye ngozi ya nyumba. Kitofali kimenyooka, ukuta wa tembe haujanyooka. Kitofali chang'aa, udongo haung'ai. Mjenzi mzoefu ana hila zake: vipande bapa vyenye kinundu kimoja katikati, vinavyosogeza safu kwa nusu kinundu, vitofali vinavyolazwa ubavu, rangi ya mchanga ikichanganywa na kahawia bila mpango unaoonekana. Hila hizo ndizo inkisari na mazida za ujenzi huu, nazo zina hatari ile ile. Zikizidi, mtazamaji husifu hila na kuisahau nyumba. Mwenye busara angeuacha ukuta uwe wa vitofali waziwazi, na juhudi yake yote aipeleke kwenye uwiano: wembamba wa mlango, uzito wa paa, ukubwa wa ua ukilinganishwa na vyumba. Anayelijua tembe atalitambua kwa hayo.

Hoja ya gharama isipuuzwe. Vitofali hivi ni ghali, na mwenye makazi Dodoma huviagiza mbali. Mwaka 2000 lilianzishwa soko la mtandaoni la BrickLink, ambako wakusanyaji huuziana kipande kimoja kimoja, na LEGO wenyewe wakalinunua mwaka 2019. Wapo waliojaza vyumba kwa vibweta vilivyopangwa kwa umbo na rangi na wasiojenga kitu, sawa na yule anayekusanya maneno ya kale daftari baada ya daftari bila kutunga beti. Kwa asiye na fedha mlango ni kompyuta. Mwaustralia James Jessiman aliandika programu ya LDraw mwaka 1995, akafariki miaka miwili baadaye, na wengine wakaiendeleza. Studio ya BrickLink nayo hutolewa bure. Humo vipande haviishi na jengo halina uzito. Hapa sifa na lawama huenda pamoja. Programu imempa mtu wa Dodoma ghala asiloweza kulinunua, na hilo ni jambo kubwa. Lakini imemwondolea ile saa anapokikosa kipande anachokitaka na kulazimika kuwaza upya, na saa hiyo ndiyo iliyozaa beti nyingi nzuri. Dawa yake ni mjenzi kujiwekea mpaka mwenyewe: rangi tatu, aina kumi za vipande, basi.

Watauliza baadhi ya watu wa pwani: ya nini nyumba ya Mgogo kwa kipande cha Mdenishi? Dodoma imekwisha kulijibu swali hilo zamani. Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa mwaka 1917, aliuchukua utenzi na shairi, vipimo vilivyokatwa na watu wa pwani, akajenga navyo hadi akawa miongoni mwa viongozi wa chama cha washairi ambacho ufupisho wa jina lake, UKUTA, wajieleza wenyewe. Ngonjera zake zilitoka kitabuni mwaka 1970, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, zikaghaniwa mashuleni nchi nzima. Wapo waliomwona mgeni katika bahari hii. Mizani yake ikahesabiwa, ikatimia. Nao Wadenishi walikwisha kuchukua kwa Mwingereza.

Mnyampala huyo ndiye aliyeandika, mwaka 1954, kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo. Yeyote atakayeketi Dodoma mbele ya programu na kuanza kuupanga ubawa wa kwanza ana pa kuanzia. Yasiyomo vitabuni hana budi kuyafuata vijijini akiwa na futi ya kupimia, maadamu bado yako matembe yenye watu ndani, na mwenye nyumba anayeweza kusimama nyuma ya kioo cha kompyuta na kusema kwamba mlango haukuwa hapo.