Sifa za Fundi Asiye na Haraka ya Kubadilisha Spea

Mji wa Mpanda una namna yake ya kuzitesa breki za pikipiki. Mvua zikianza mwishoni mwa mwaka, tope linapenya hadi ndani ya habu. Kiangazi kikiingia, vumbi la barabara za Kakese na Mwamkulu linapita njia hiyohiyo. Juu ya hayo, dereva anapakia magunia ya mpunga, wakati mwingine na mwenye mpunga juu yake. Kisha breki ya nyuma inaanza kupiga kelele, naye anashangaa.

"Fundi, weka mpya tu." Ndiyo kauli ya wengi wakifika kijiweni, maana bosi anasubiri hesabu ya jioni. Fundi mwenye haraka hukubali, kwa kuwa breki shuu mpya inaonekana kwa macho na hulipwa bila mabishano. Mimi namsifu yule mwingine, anayejibu, "Ngoja kwanza tuone," akaisukuma pikipiki hatua chache huku anakanyaga breki na kutega sikio.

Anachosikiliza ni mtetemo. Breki shuu inashika dramu, inaachia, inashika tena, mara nyingi mno ndani ya sekunde moja, na chuma kinaimba. Mlio mwembamba unaotokea pikipiki ikikaribia kusimama aghalabu ni wa vumbi, au wa breki shuu iliyoungua juu ikawa ngumu na kung'aa. Ule wa asubuhi unaokwisha baada ya kukanyaga mara mbili tatu ni kutu nyepesi ya umande, huo auache. Mkwaruzo mzito wa chuma kwa chuma ni habari nyingine. Breki shuu zimekwisha na sasa zinakula dramu, ambayo kwenye pikipiki nyingi za mizigo imeungana na habu. Ukichelewa kuzibadilisha, unanunua habu nzima.

Tairi likishatoka, utamjua fundi kwa anavyolishughulikia vumbi. Hapulizi kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa. Anafuta kwa kitambaa chenye unyevu. Breki za zamani zilitengenezwa kwa asibesto, ambayo husababisha saratani, na spea za bei ya chini hazisemi zimetengenezwa kwa nini. Halafu anachukua msasa. Anausugua uso wa breki shuu taratibu hadi mng'ao uondoke, analainisha kona ya mbele ili isikwame kwenye dramu, anapima kwa kidole kama springi bado zina nguvu. Grisi anapaka kidogo sana, kwenye kile chuma kinachozitanua breki shuu na kwenye pini yake tu. Ikigusa mahali pa kukamata, kazi yote imeharibika. Ndiyo maana hasira humpanda akiona dramu iliyomwagiwa oili na dereva ili inyamaze. Inanyamaza kweli, lakini haikamati tena, na breki shuu zilizokunywa oili hazina dawa ila kutupwa.

Pikipiki zenye diski mbele hazimsumbui sana: anasafisha pini na migongo ya pedi, anaangalia kama diski imepinda, basi. Ajabu ni kwamba diski zilizaliwa zikilia. Mwingereza Frederick Lanchester alisajili hataza ya breki ya diski mwaka 1902, na pedi zake za shaba zilipiga kelele isiyovumilika. Miaka michache baadaye Herbert Frood, mwanzilishi wa Ferodo, akazivika asibesto, kelele zikapungua. Utulivu huo ulilipiwa na mapafu ya watu wengi.

Kwangu mimi, ufundi wenyewe unaonekana mwishoni, kwenye nati ya kukazia breki. Madereva wetu hupenda breki ya juu, inayoshika ukiigusa tu, kwa hiyo kila ikilegea wanakaza. Breki shuu zinabaki zikigusa dramu njia nzima kutoka Sitalike, zinachemka, zinaungua juu, zinaanza kulia, wanakaza tena. Fundi huyu analizungusha tairi kwa mkono mpaka lizunguke bila kukwaruza, anaacha pedali icheze sentimita mbili hadi tatu, ndipo anaangalia ule mshale mdogo kwenye mkono wa breki. Ukifika kwenye alama wakati pedali imekanyagwa hadi chini, hapo ndipo anasema nunua mpya, na zote mbili kwa pamoja.

Kazi yake bora, basi, haiachi risiti ya spea, na hapo ndipo anapopunjwa. Nimesikia mara nyingi, "Fundi, si umepiga msasa tu?" Akikurudishia pikipiki inayokamata bila kelele na hukununua kitu, umeokoa bei ya breki shuu, pengine na ya habu. Mlipe kazi yake, usimwombe apunguze.